Alama ya Pasi

Benchi la kijiwe kile halikuwa benchi. Lilikuwa kiti cha nyuma cha gari, kimepandishwa juu ya matofali manne mbele ya karakana ya fundi wa viti vya magari, kimefunikwa gunia, kinakalisha watu watatu kwa raha na wanne wakiwa wanapendana. Kila baada ya wiki kadhaa benchi lilibadilika, maana kila mara lilikuwa kiti cha mteja fulani anayesubiri kushonewa. Fundi alikuwa na mkono mzuri na ahadi mbovu. Ukimuuliza kazi yako utaifuata lini, alikuwa na jibu moja tu, na watu walichoka nalo mpaka wakalifanya jina lake: Kesho. Wakwe zake walimwita Kesho. Imamu na mchungaji, wote wawili wateja wake, walimwita Kesho.

Asubuhi hiyo kijiweni walikuwa wanne. Palikuwa na Rufaa, mzee aliyefagia mahakama miaka kumi na tisa mpaka akastaafu, na sheria zote alizozijua alizizoa chini ya viti pamoja na vumbi. Palikuwa na Breki, makanika wa uwanja wa pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake hauna. Bi Vikombe alikuwa kwenye kigoda chake na birika juu ya jiko la mkaa. Kesho mwenyewe hakukaa. Alisimama mlangoni mwa karakana na mkasi mkononi, kitambaa kipya cha ngozi bandia begani, kimeshakatwa.

— Leo umeamka na kazi? Bi Vikombe alimshangaa. — Saa hizi, na kitambaa kimeshakatwa? Jamani, ingizeni nguo ndani, mvua hiyo inakuja.

— Niache, dada yangu, Kesho alisema. — Nipe kahawa.

Habari iliyowaweka pale ilikuwa moja. Juzi, dereva wa teksi waliyemwita Taratibu, mtu anayeendesha kama aliyepakia trei za mayai, alisimamishwa na trafiki karibu na daraja kwa sababu taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki. Jua lilikuwa kali. Askari akaingia kiti cha nyuma ili amwandikie faini akiwa kivulini. Alipoketi tu, akasikia kitu kigumu kinamchoma paja. Akaomba kisu, akapasua kiti, akachomoa ndani ya sponji pakiti ishirini na mbili za unga. Siyo wa ngano. Tangu saa ile Taratibu alikuwa mahabusu, na leo saa nane mchana alikuwa anapandishwa mahakamani kusomewa mashtaka.

— Mimi nasema waziwazi na sijifichi, Breki alisema, na kweli hakujificha, ng'ambo ya barabara watu waligeuka. — Gari siyo mtu. Mzigo umekutwa wapi? Ndani ya gari. Basi wafunge gari! Walitie pingu kwenye usukani! Taratibu wamwache aende nyumbani akaoge.

— Kaa chini, Rufaa alimwambia.

— Nimekaa.

— Basi kaa kimya. Wewe unajua injini. Mimi nimefagia mahakama namba mbili miaka kumi na tisa, nimemsikia hakimu kwa masikio yangu haya mawili. Kitu kikikutwa ndani ya gari, wa kwanza kuulizwa ni mwenye usukani. Gari lenyewe linaweza kuchukuliwa lisirudi. Na pakiti zikiwa nyingi hawasemi tena ulikuwa nazo, wanasema ulikuwa unazisafirisha. Hiyo ni kesi nyingine kabisa. Hata dhamana utaishia kuisikia kwenye redio.

— Kwa hiyo mtu ana abiria mia kwa wiki, kila mmoja anakalia kiti chake, na yeye ndiye ajibu? Breki aliruka. — Haiwezekani! Tunakataa! Mimi nakataa!

— Kakatae mahakamani. Hapa unamkatalia nani, birika?

— Nitakwenda! Tutakwenda wote!

Kesho alikunywa kahawa yake moja kwa moja, ikamuunguza ulimi, akashukuru kupata sababu ya kunyamaza.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinamla Kesho, maana pale kijiweni hakuna aliyekijua. Wiki tatu nyuma, mke wa Taratibu, anayefua na kupiga pasi nguo za watu, aliweka pasi ya mkaa kwenye kiti cha nyuma cha teksi akiamini imepoa. Haikuwa imepoa. Ikakiunguza kiti, ikaacha alama ya pasi kamili, na ncha yake na kitako chake kipana. Taratibu akamletea Kesho kiti hicho akibadilishe ngozi. Na Kesho alikuwa na utaratibu wake, ambao mafundi wenzake walimkataza hawakumuweza: gari la kazi halilali kwa sababu ya kiti. Anakuazima kiti cha mteja mwingine, unaendelea kutafuta riziki, chako kikiwa tayari mnabadilishana. Stoo alikuwa na kiti kilichokaa miezi mitatu. Kililetwa na mwanamume wa kofia ambaye hakubishana bei hata kidogo, akataka kifunikwe ngozi mpya tu, sponji isiguswe, akasema atakirudia. Hakukirudia. Kesho alikuwa ameshakishona, kwa uzi wake mwekundu wa mara mbili unaojulikana mji mzima. Wakati wa kushona aliminya upande wa kushoto, akausikia mgumu. Akadhani ni kiraka cha sponji. Akashona.

Kiti hicho ndicho alichomfungia Taratibu kwenye teksi. Kiti halisi cha Taratibu, chenye alama ya pasi, ndicho Rufaa na Breki walikuwa wamekikalia sasa hivi, chini ya gunia, wakipigania haki ya Taratibu.

Na kile kitambaa begani? Wiki tatu nzima Kesho alikuwa hajagusa kazi ile. Leo alikuwa ameamka alfajiri akaikata. Akishaibandua ngozi iliyoungua na kuvisha mpya, kiti kitakuwa kiti tu, hakuna wa kusema kilitoka wapi. Alichokuwa anangoja ni wenzake wanyanyuke.

— Halafu kuna hoja ambayo mawakili wote wataikosa, Rufaa aliendelea, akapandisha suruali magotini, dalili kwamba hatanyamaza leo. — Gari lilipokuwa linatembea, kuna aliyeuona mzigo?

— Hakuna, Breki alisema.

— Ulionekana gari likiwa limefanya nini?

— Limesimama.

— Nani alilisimamisha?

— Trafiki!

— Wakati mzigo unagunduliwa, Taratibu alikuwa wapi?

— Mbele! Kwenye usukani!

— Na juu ya mzigo amekaa nani?

Breki alishika kichwa kwa mikono miwili. — Mama yangu! Trafiki!

— Basi! Kisheria, mwenye kukalia kitu ndiye mwenye nacho. Aliyekikalia ndiye akamatwe. Hiyo ndiyo inaitwa pingamizi la awali.

— Pingamizi la awali! Breki alirudia, akapiga kiti kofi, gunia likatoa vumbi. — Mwenye kukalia ndiye akamatwe! Mzee, wewe ungekuwa hakimu!

Kesho alisogea akalivuta gunia likae sawa. Bi Vikombe alimwona.

— Mbona unahangaika na hilo gunia?

— Lina vumbi.

— Lina vumbi tangu mwaka juzi.

— Basi leo limenikera!

Bi Vikombe alimtazama, akamiminia Rufaa kahawa, akauliza polepole kama mtu anayeuliza bei ya sabuni.

— Na kama mtu hakujua? Rufaa, nieleze hilo. Mtu hakujua kabisa kilichomo. Sheria inasema nini?

Rufaa alikohoa. Swali hili halikuwa la kuchezea, na pamoja na maneno yake mengi mzee hakuwa mtu mbaya. — Hapo ndipo kesi inaposimama au kuanguka, Bi Vikombe. Nimeona watu wameachiwa kwa hilo. Lakini kusema sikujua, kila mtu anasema. Wezi wote niliofagia miguuni pao hawakujua. Unatakiwa kuwa na kitu cha kumfanya hakimu akuamini. Shahidi. Au kitu chenyewe, kinachoshikika.

— Na kama shahidi yupo, ila anaogopa?

— Wengi wanaogopa. Shahidi wa unga anaingia kama shahidi, anaweza kutoka kama mshtakiwa.

 Kesho akafanya alichofanya siku mbili zote hizo kila woga ulipompanda: akapaza sauti.

— Waje hapa! alifoka, mkasi juu. — Hao askari waje hapa hapa! Waniulize mimi! Mimi simwogopi mtu! Taratibu ni rafiki yangu tangu hatujaota ndevu, nitawaambia usoni, huyu mtu hajawahi hata kupita taa nyekundu!

— Umesema! Breki alisimama kumpa mkono. — Twende wote, saa nane! Madereva, makanika, wapiga rangi! Tujae pale uwanjani, tusiondoke! Tuwaambie, kama mnamfunga Taratibu mtufunge sote!

— Sawasawa! Kesho alisema.

— Nani anatangulia? Bi Vikombe aliuliza.

 Breki aliketi tena, akakumbuka kwamba ana injini mezani imefunguliwa, akiondoka atapoteza mpangilio wa nati. Rufaa alisema yeye goti, tena pale mahakamani wanamfahamu, isije ikaonekana anashawishi vyombo vya sheria. Kesho akaanza kunoa mkasi ambao haukuwa butu.

Hapo ndipo mke wa Taratibu alipotokea, akivuka barabara na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa amevaa nguo iliyopigwa pasi vizuri mno, mikunjo ya mikono imesimama wima. Siku mbili hakulala lakini nguo aliipiga pasi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu, Rufaa alijibu. — Pole sana. Hapa tulikuwa tunalijadili. Tumepata hoja nzito. Kuna pingamizi la awali...

— Asante, baba. Alimgeukia Kesho. — Shemeji, habari za asubuhi.

— Nzuri, shemeji. Karibu. Bi Vikombe, mpe kahawa.

— Sikai. Natoka kumwona, dakika tano wamenipa. Amewaambia kiti si chake, ni cha kuazimwa. Wakacheka. Wakamwambia, tangu lini watu wanaazimana viti vya gari kama sufuria? Wakamtaka amtaje aliyemwazima.

Mkasi ulikuwa umetulia mkononi mwa Kesho.

— Akamtaja? Breki aliuliza.

— Amekataa. Amesema jina la mtu hatalitoa kabla hajamuuliza mwenyewe kwanza. Wamempiga kofi, bado amekataa. Basi amenituma nije kuuliza. Wakili naye amesema, bila kitu cha kuonyesha, haya ni maneno matupu. Swali lenyewe ni moja tu, shemeji. Alivuta pumzi. — Kiti chetu kiko wapi?

 Rufaa alimwangalia Breki. Breki aliangalia chini, katikati ya mapaja yake mwenyewe, akaliona gunia, akamwangalia Kesho aliyekuwa tangu asubuhi analivutavuta, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akafunga breki.

Kesho alikifikiria kitambaa kilichokuwa begani. Angeweza kusema kimeuzwa. Angeweza kusema kimeibwa. Uongo wa kazi alikuwa nao wa kutosha, miaka ishirini aliula pamoja na wateja. Lakini mtu amepigwa kofi akakataa kumtaja kabla ya kumuuliza. Yeye huku alikuwa ameamka alfajiri kumkatia kitambaa cha kumzikia.

Aliona haya. Halafu haya ile ikageuka hasira, na hasira hiyo kwa mara ya kwanza haikuwa ya kupiga kelele.

— Inukeni, alisema.

Rufaa na Breki wakainuka kama waliokalia kaa la moto. Kesho alilivuta gunia, akalitupa. Alama ya pasi ilikuwa pale, nyeusi, na ncha yake na kitako chake.

Mke wa Taratibu aliinama, akaigusa kwa kidole. Pasi yake mwenyewe.

— Siku mbili, alisema. — Mume wangu analala sakafuni siku mbili, na nyinyi mmekalia hiki mnakunywa kahawa.

— Wao hawakujua, Kesho alisema. — Mimi nilijua. Nilikuwa nasubiri wainuke nikivishe ngozi hii, kisijulikane. Sikufichi, shemeji. Niliogopa.

 Mwanamke alimtazama tu, na Kesho akatamani angemtukana.

— Kesho, ngoja, Rufaa alisema, na safari hii hakuwa na sauti ya kijiweni. — Tulia kwanza. Kile kiti walichopasua ulikishona wewe?

— Mimi.

— Kwa ule uzi mwekundu?

— Uzi mwekundu.

— Na sponji ilipita mikononi mwako?

— Niliiminya. Nikaisikia ngumu. Nikashona.

— Mwanangu, ukiingia na hiki mahakamani, Taratibu anaweza kutoka. Wewe sijui. Watasema wewe ndiye uliyeushonea unga ndani. Huyo mtu wa kofia unamjua jina?

— Simjui.

— Basi watasema hayupo.

— Waseme! Kesho alisema. — Waseme wanachotaka. Kiti nilikipokea mimi, nilikishona mimi, nilikiazima mimi. Nitawaambia hivyo hivyo, na uzi nitawaonyesha, waufananishe. Mtu wa kofia nitawaeleza alivyo mpaka kucha zake. Wakiamini wakimtafuta, vizuri. Wakinifunga, wanifunge mimi, kwa langu. Hawatamfungia mtu mwingine kwa uvivu wangu mimi na kwa mkono wangu. Nimekataa!

Lile neno Breki alilitaja mara mbili asubuhi hiyo bila kutikisa hata kikombe. Sasa lilimfanya Bi Vikombe aweke birika chini.

Breki aliondoka bila kusema. Wakafikiri amekimbia. Akarudi anasukuma mkokoteni wake wa kubebea injini, akashika kiti upande mmoja, Kesho upande wa pili, wakakipandisha. Kilikuwa chepesi kuliko Kesho alivyodhani.

— Nati zako je? Bi Vikombe alimuuliza.

— Nati zitajipanga zenyewe, Breki alisema. Akafikiri. — Lakini mimi naishia getini. Nasema ukweli. Naishia getini.

— Getini panatosha, alisema mke wa Taratibu.

Rufaa alifunga kamba za viatu vyake, kazi iliyomchukua muda, goti lile halikuwa la uongo. — Msipite mbele, alisema. — Mbele mtakutana na askari wale wale, kiti watakipokea, na jioni hakipo. Kuna mlango wa nyuma, wa karani. Karani anaandika kila kinachoingia, na anakupa karatasi. Mlango huo nimeufagia kila siku. Nitawaonyesha.

— Ulisema utaonekana unashawishi vyombo, Bi Vikombe alimkumbusha.

— Nilisema mengi.

Kesho alikitoa kile kitambaa begani, akakikunja, akakiweka juu ya mashine. Akafunga mlango mmoja wa karakana. Alipokuwa anavuta wa pili, akatokea mtu ambaye hawakuwahi kumwona, kijasho kinamtoka, kakumbatia kiti cha pikipiki kilichochanika. Akawatazama wote waliosimama kuzunguka mkokoteni, akatafuta pa kukaa, akakuta matofali manne.

— Fundi ni nani hapa?

— Mimi.

— Nimeelekezwa kwako, wanasema mkono wako hauna mpinzani. Ni hapa tu palipochanika. Nikifuate lini?

Swali hilo Kesho alikuwa amelijibu maisha yake yote ya kazi, mara nyingi bila hata kuinua macho kutoka kwenye mashine. Alifungua mdomo. Bi Vikombe akasubiri. Breki akasubiri, mikono kwenye mkokoteni. Hata mke wa Taratibu aligeuka kumtazama. Neno lilikuwa palepale ulimini, na halikutoka.

— Mwachie huyu mama wa kahawa, alisema mwishowe.

— Sawa, lakini lini?

Kesho alifunga kufuli, akampa Bi Vikombe ufunguo, akaenda kushika mkokoteni. Wakaanza kusukuma.